Mgeni wa Berlini

Benchi la Sifaeli muuza kahawa liko Mbalizi, pembeni ya lami, mbele ya banda la kuziba pancha, na wenyewe wanaliita Berlini. Jina alilitoa Mwalimu Ambokile, mstaafu wa somo la Historia, siku alipowasimulia wenzake kwamba zamani wakubwa wa Ulaya walikaa Berlini wakaigawana Afrika bila kumwalika Mwafrika hata mmoja. Wenzake wakasema basi na sisi tumo, maana kila asubuhi tunaigawa dunia hapa na dunia haina habari. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magurudumu ya malori, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa haina adabu. Nchani mwa benchi alikaa Nkuba, ambaye kijiweni anaitwa Mgeni. Miaka sita anakunywa kahawa ya Sifaeli na bado ni Mgeni. Ni utani, na siku zote Nkuba aliucheka. Leo alishindwa. Mama yake, Roza, alikuwa amekata roho jana alfajiri na alilala mochwari, na Nkuba hakuwa amemwambia mtu hapo, kwa sababu watu wakisikia msiba swali lao la kwanza ni moja tu: mazishi wapi? Jibu hakuwa nalo.

— Mwalimu, naomba nisaidie kitu, alisema. Mhamiaji na mvamizi wana tofauti gani?

Mwalimu Ambokile aliweka kikombe chini. Wanamwita Karne, kwa kuwa hajawahi kujibu swali bila kutaja karne.

— Swali zuri sana! Hizo ni dhana mbili. Dhana! Uhamiaji ni watu kutoka mahali kwenda pengine kutafuta maisha: malisho, maji, ardhi. Uvamizi ni kuingia kwa nguvu mahali penye wenyewe.

— Wenyewe ndio nani? alidakia Bismaki.

Huyu jina lake halisi ni Rabson, dalali wa viazi, mwenye shamba kubwa la milimani Umalila ambalo halipiti siku hajalitaja. Anaitwa Bismaki, kama yule Mjerumani aliyeongoza mkutano wa Berlini, kwa sababu kila mgawo anausimamia yeye, na kila mgawo unaishia kwake.

— Wenyewe ni waliotangulia, alisema Karne.

— Sasa nani alitangulia? Si wewe mwenyewe ulituambia Wabantu wote tumetoka Kameruni?

— Mpakani mwa Kameruni na Nijeria. Karne nyingi kabla ya Kristo.

— Mwe! Kwa hiyo mimi Mnyakyusa mzima ni Mkameruni? Mbona timu yao ikifungwa siumii?

Kicheko kilipita kwenye benchi. Nkuba alikizungusha kikombe chake. Alitaka jibu, na alijua wenzake hawajui kwamba analitaka kweli.

— Wangoni je? aliuliza.

— Aa, Wangoni! Karne ya kumi na tisa. Wametoka kusini kwa Wazulu, mikuki mkononi, wanapiga huku wanachukua mateka. Hao walikuwa wavamizi, hakuna mjadala.

— Na leo?

— Leo ni wenyeji wa Songea.

— Walibadilika siku gani?

Karne alimtazama.

— Siku gani kivipi?

— Mvamizi anakuwa mwenyeji siku gani, mwalimu? Kuna siku lazima aliamka mwenyeji.

— Huo ni mchakato.

— Unachukua muda gani?

— Inategemea.

— Inategemea nini?

— Inategemea watoto wake, alisema Bismaki. Wakishaanza kuwaita wengine wageni, ujue mchakato umekamilika.

Lusekelo, fundi pancha, alikuwa amechutama akipaka solusheni kwenye mpira. Huyo ndiye Himaya. Matairi yake yalianza mlangoni kwake, sasa yamefika mbele ya duka la tatu, na wenye maduka wamechoka kulalamika.

— Mnalikoroga, alisema. Hakuna cha mhamiaji wala mvamizi. Kuna himaya tu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo unaweka tairi moja, hakuna anayesema. Kesho la pili. Keshokutwa anayetaka kupita anakuomba wewe ruhusa. Hivyo ndivyo Warumi walivyofanya.

— Warumi hawakuwa na matairi, alisema Karne.

— Walikuwa na magari ya farasi. Walitembelea nini, magoti?

Sifaeli alimwongezea kila mtu kahawa. Bismaki, akiona Himaya amechukua uwanja, akasimama kabisa.

— Nisikilizeni. Nimepeleka mbegu Iringa, nikapita pale Isimila kwenye yale mawe. Wanasema kulikuwa na watu wa Zama za Mawe, wanachonga mawe, wanachuna nyama, kabla ya Mhehe, kabla ya huyo Mkameruni wenu. Basi mwenye nchi ni yule! Iringa yote ni yake, Mbeya ni yake, sisi wote wavamizi. Akifufuka kesho na jiwe lake la kuchonga, tunafunga virago.

— Hata yeye aliwakuta viboko, alisema Karne. Mifupa yao imeonekana palepale.

— Ndiyo hapo sasa! Mwenye nchi ni kiboko! Ndiyo maana bonde la Usangu wamefukuza watu, wamewarudishia viboko chao!

Walicheka mpaka Himaya akaangusha kopo la solusheni. Nkuba alimeza kahawa iliyokuwa bado ya moto, na akafurahi kwamba imemuunguza.

Maana alilikumbuka gari la matangazo. Lilipita kijijini kwao bondeni Usangu, kabla hawajahamia Mbalizi, likipiga spika: wavamizi wote wa bonde wajiandae kuondoka, bonde linahifadhiwa, ni chanzo cha maji. Mama yake alikuwa akipepeta mpunga. Kiswahili kilimpita pembeni maisha yake yote, akamuuliza mwanawe kwa Kisukuma: wanasema akina nani waondoke? Nkuba akashindwa kumwambia mama yake kwamba yeye ni mvamizi. Akatafsiri: wanasema wageni. Mama akaitikia kwa kichwa, akaona ni jambo la kueleweka. Siku ya kuondoka alipita kwa kila jirani kuaga, akashukuru kwa kukaa vizuri, kisha akarudi akafagia uwanja wote, kwa sababu mgeni haachi uchafu kwa watu. Nyumba ilibomolewa mchana uleule. Alipopanda gari aliuliza neno moja tu: na mzee tunamwacha na nani? Mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, pamoja na watoto wao wawili.

— Mgeni, mbona umezubaa? alisema Sifaeli. Kahawa hujaipenda?

— Ipo vizuri.

— Usijali hawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulishapewa.

— Na akilima mpaka jembe likabaki kipande?

— Mnunulie jingine! alisema Himaya, na benchi likaangua kicheko.

Karne aliinua mkono, akarudi darasani.

— Jamani, historia ina jibu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake kila jamii ina chimbuko. Chimbuko! Mtu hata akienda wapi, chimbuko lake halifutiki.

— Ngamani ndiyo wapi? aliuliza Himaya.

— Ni... ni huko pwani.

— Mimi nilijua kitongoji cha Kilwa, alisema Bismaki. Lakini mwalimu umenipa wazo. Kila mtu arudi chimbuko lake, tumalize kesi. Wangoni Zululandi. Sisi Kameruni, nauli itoke serikalini. Mgeni wetu ndiye rahisi kuliko wote, yeye anarudi Shinyanga tu.

— Mimi nimezaliwa Usangu, alisema Nkuba.

— Sawa, lakini kwenu?

— Mama ndiye aliyetoka Shinyanga. Alikuwa binti, wanaswaga ng'ombe kwa miguu na baba yake.

— Ahaa! Basi kwenu Shinyanga. Umejijibu mwenyewe.

Jana jioni Nkuba alikuwa amepiga simu huko Shinyanga kwa ndugu aliyebaki, Ezekiel, mtoto wa binamu ya mama. Alimweleza msiba. Ezekiel alisema pole kwa heshima zote, kisha akauliza: samahani kaka, Roza yupi?

Ng'ambo ya barabara pikapu nyeupe ilisimama bila kuzima injini. Binti aliyejifunga kanga mbili alishuka, akasubiri lori lipite, akavuka. Alikuwa Prisca, mtoto wa kwanza wa Nkuba. Kijiwe hakikuwahi kumwona.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, na Bismaki akamsogezea nafasi. Karibu mama, kaa upate kahawa.

— Ahsante, sikai. Akamgeukia baba yake. Baba, wameshatukabidhi mwili. Dereva anauliza ashike njia ya Makongolosi tuelekee Shinyanga, au ya Igurusi tuingie Usangu? Anasema tumwambie tu nyumbani ni wapi.

Ndipo watu wa Berlini walipotazama vizuri ng'ambo. Nyuma ya pikapu palikuwa na jeneza lililofunikwa kanga, na wanawake wawili wameketi kando yake wakiwa wamejifunika vichwa.

— Mwili wa nani? aliuliza Sifaeli, sauti chini.

— Wa bibi yangu.

Vikombe vilishuka kimoja kimoja. Pole zilitoka zikigongana. Himaya alisimama na mpira wake mkononi, hajui auweke wapi. Karne alivua kofia, na aibu aliyoiona Nkuba usoni mwake ilikuwa ya kweli, ya mtu mzima aliyekuwa akicheka matangani bila kujua.

— Si ungetuambia, Nkuba, alisema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa benchi lile kumwita kwa jina lake.

— Ningewaambia nini? Mngeniuliza mazishi wapi.

— Usangu hawataruhusu? aliuliza Himaya.

— Walishaweka vigingi vya hifadhi. Askari watatugeuza njiani na jeneza.

— Na Shinyanga?

— Aliyekuwa anamjua alishakufa. Na hapa nimepanga chumba tu, ardhi sina.

Karne alikohoa.

— Kwa kawaida, alianza, toka karne na karne, mtu huzikwa...

Alitazama kofia yake kana kwamba mwisho wa sentensi ulikuwa humo ndani. Kila mmoja akamtazama Bismaki, bila kupanga, kwa ajili ya shamba lile la Umalila walilolisikia kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Bismaki alifungua mdomo. Nkuba alimwona akifikiria, aliona kabisa neno likija. Kisha Bismaki akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sifaeli aliinua birika kumimina, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine. Ilitoka chicha tupu.

— Baba, alisema Prisca. Anasubiri.

Nkuba alitazama upande wa Makongolosi, alikotokea mama yake akiwa binti nyuma ya ng'ombe. Akatazama upande wa Igurusi, kwenye uwanja alioufagia. Ukungu ulikuwa bado umefunika kote kuwili.

— Mwambie azime gari kwanza, alisema. Mafuta yanaungua bure.