Bura Alivyotaja Ng'ombe Wake

Benchi letu hapa Nangwa limeegemea ukuta wa duka la saruji, pale kahawa ya Severine inapochemka tangu asubuhi. Wanaume wanadai ni lao, lakini nimelikalia mpaka wamezoea. Wananiita Bibi Mnara, eti habari zote zinapitia kwangu. Sikatai. Yupo Redio, asiyezimika, na Mhandisi, anayetengeneza pikipiki na kwa hiyo anaeleza kila kitu duniani. Tangu tope lishuke mlimani na kufukia nyumba, huku watu wanaogopa hata wingu. Leo tulikuwa tunabishania mpira tu, mpaka akafika Bura, mfugaji wa kule Hirbadaw, bila hata salamu.

BURA: Nipeni maji. Namsubiri binti yangu Judica. Nimemtuma kaka yake akamtoe shuleni. Harudi tena.

MIMI: Judica wa kidato cha tatu, anayeongoza kwa hesabu? Kuna mwanaume? Sema tu, mimi sisambazi.

REDIO: Wewe husambazi? Haya.

BURA: Mwanaume ningemtafuta kwa fimbo. Hiki ni kishikwambi.

Akakaa. Mwalimu mpya wa hesabu, akasema, ameacha ubao. Watoto wanachukua mambo ya nyumbani, wanayaingiza kwenye kishikwambi, chenyewe kinachora.

BURA: Jumapili mtoto alikaa na mimi zizini, akaniomba nimtajie ng'ombe. Nani atakataa kusifia ng'ombe wake? Nikataja. Yule mwekundu. Yule wa pembe iliyopinda. Mweusi mwenye paji jeupe, na mama yake. Kila nikitaja, yeye anagusa kioo. Kumbe anahesabu.

Kwetu ng'ombe anajulikana kwa rangi na sura. Hesabu ya zizi haitamkwi. Ukiitamka umeita balaa.

BURA: Kwa mdomo wangu mwenyewe, Bibi! Akaniuliza na wale waliokufa kwa ukame. Nikawataja wote. Kikachora mstari. Unashuka, unashuka, mpaka chini kabisa. Akaniambia, "Baba, ikiendelea hivi, hapa ndipo tutakuwa hatuna kitu." Tangu siku hiyo yule wa pembe iliyopinda hataki maji.

MHANDISI: Ni betri. Kile kioo kina moto ndani. Ukimwelekezea ng'ombe, damu inakuwa nyepesi.

REDIO: Betri gani! Hesabu inapanda kwenye setilaiti. Kule juu kuna watu wamekaa, wanafuta. Wakifuta kule, huku anaanguka.

MHANDISI: Basi hata tope la mlimani lilichorwa kwanza.

REDIO: Sasa umeanza kuelewa!

MIMI: Ngojeni. Juzi mjukuu wangu Hilary aliniuliza umri wangu. Akauliza na wa marehemu babu yake. Eti kazi ya hesabu.

MHANDISI: Ukamwambia?

MIMI: Wangu nilipunguza kidogo.

REDIO: Ukapunguza? Bibi, umejipunguzia siku mwenyewe!

Nikacheka, lakini kahawa ilimwagikia kanga yangu. Mhandisi naye akakumbuka kwamba binti yake aliingiza jina la kila mtu wa nyumba yao, hadi mtoto mchanga. Hakumaliza kikombe. Hakuna aliyemtania.

Ndipo Judica akatokea, amemwacha kaka yake nyuma, sare imejaa vumbi, begi kifuani.

— Shikamoo baba. Shikamooni wote.

— Marahaba, tukaitikia kwa sauti ndogo.

— Baba, kesho tunaanza mitihani.

— Utachunga na kaka yako, Bura akasema. Hicho kitu hukigusi tena. Nimemaliza.

Nilingoja alie. Hakulia. Alimtazama baba yake peke yake, kama sisi wengine hatupo.

— Nikikaa nyumbani, ule mstari utapanda?

Mhandisi akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Bura aligeuka akatazama chini kule tambarare, nyasi zilivyokauka.

— Hicho kitu kiko wapi?

— Kwa mwalimu, baba.

— Twende kwake. Anionyeshe ni mwaka gani mstari unafika chini.

Wakashika njia ya shule. Judica alitangulia haraka. Baba yake alimfuata polepole, kama mtu aliyeitwa hospitali kuchukua majibu.