Sufuria ya Kitongoji: Kumkumbuka Ma Kokushubila wa Buganguzi

"Achia, Evarist! Nimesema achia!"

"Achia wewe, Mzee Lameki. Aliyeshindwa hashiki sufuria. Anashika tama."

"Sufuria hii nilichangia mimi. Haitapika sherehe ya mtu aliyetutukana mbele ya watoto wetu."

"Ametukana nani? Amesema ukweli, mkachomwa."

Wasikilizaji wapendwa, huo ulikuwa ugomvi wa Ijumaa moja asubuhi mwaka jana, Buganguzi, wilayani Muleba. Wanaume wawili wazima wako uani kwa mjane. Mmoja kashika sikio moja la sufuria, mwingine kashika sikio la pili. Wanavutana. Na mwenye uwanja, Ma Kokushubila, kasimama mlangoni na ufagio wake, anawatazama kama mtu anayetazama kuku wakigombea mdudu.

Mimi ni Riyadhi Awadhi. Leo tunamkumbuka mama huyo. Kokushubila, mke wa marehemu Mushumbusi. Amefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na minne, presha ikamzidi. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi: tunamkumbuka Ma Kokushubila wa Buganguzi, mtunza sufuria.

Mtunza sufuria ni nani? Ngoja niwaeleze, maana hata mimi mtoto wa Bukoba mjini ilibidi nielezwe.

Miaka ishirini na sita iliyopita Mushumbusi alifariki. Watu walijaa kibanja kizima, migomba haikuonekana. Lakini vyombo vya kupikia vilikuwa vile vidogo vya nyumbani. Chakula kikapikwa kwa mafungu, na wazee waliotoka mbali wakaondoka bila kula. Mjane akaona. Hakulia kwa ajili ya mumewe tu siku ile. Alilia na kwa aibu. Matanga yalipokwisha, akazunguka nyumba kwa nyumba, nyumba zote thelathini na moja za kitongoji, akiwaambia, "Tununue sufuria zetu. Msiba mwingine usitukute hivi." Zikanunuliwa tatu. Ile kubwa kuliko zote Walutheri wakaipa jina: Askofu. Kwa sababu haionekani ila siku kubwa.

Tangu siku hiyo sufuria zikakaa kwake. Miaka ishirini na sita. Anazisugua kwa majivu na magome ya mgomba mpaka unajiona meno. Bintiye, Esther, anayeishi hapa Bukoba, mtaa wa Ijuganyondo, aliniambia hivi: "Nikimpigia mama simu nasikia kwaruu, kwaruu. Namuuliza, mama, unasugua tena? Ananiambia, Askofu hawezi kwenda kazini mchafu."

Na sheria ilikuwa moja tu. Sufuria zikitoka, kila nyumba inakula. Msiba, kila nyumba inakula. Harusi, kila nyumba inakula. Hakuna shughuli ya nusu ya kitongoji. Shikeni hilo, wasikilizaji, tutalihitaji.

Sasa ukaja uchaguzi.

Sitamtaja Rais, na nyinyi mnajua kwa nini, mimi bado nahitaji mshahara. Lakini kwenye kampeni mgombea yule alisimama jukwaani akasema: "Asiyenichagua asije kunililia." Basi. Maneno hayo machache yakaingia Buganguzi kama moto kwenye majani makavu. Evarist, fundi wa pikipiki, akasema huyo ndiye kiongozi, hapindishi maneno, na barabara tumeiona. Mzee Lameki, mkulima wa kahawa, akasema mzazi hawagawi watoto kwenye sahani. Watu wakaacha kuazimana chumvi. Kwenye ibada wengine wakahama benchi.

Alhamisi mchana matokeo yakatangazwa. Rais kashinda tena. Muhula wa pili.

Evarist alipiga honi ya pikipiki mpaka betri ikaomba msamaha. Watu wakacheza barabarani na majani ya migomba. Na ng'ambo ya pili? Madirisha yakafungwa saa saba mchana, jua linawaka. Mzee Lameki alitoa betri kwenye redio yake akazitupa shambani. Samahani, Mzee Lameki, lakini redio yenyewe ilikosa nini? Kulikuwa na wale wa katikati pia, waliosema, "Tutaishi tu," wakaendelea kupalilia. Lakini hao walikuwa wachache, na hawakuwa na honi.

Lililomuuma Ma Kokushubila halikuwa honi wala madirisha. Lilikuwa ua.

Kati ya kibanja chake na kibanja cha jirani yake Judica kuna mstari wa omulamula, ule mmea tunaopanda mpakani ili watu wasigombane. Katika mstari huo palikuwa na uwazi. Miaka arobaini wanawake hawa wawili wanapita uwazi ule. Moto ukizimika, uwazi. Umbea ukiiva, uwazi. Alhamisi ile jioni Ma Kokushubila akaenda na kibakuli cha maharage, akakuta uwazi umezibwa kwa matawi ya miiba.

Akaita. Judica akamjibu akiwa ndani. "Nenda kwa wenzako mliompa kura."

"Nani kakwambia nimempa?"

"Uliisifia barabara."

"Niliisifia barabara, Judica. Barabara haina kadi ya chama."

Akarudi na maharage yake. Esther anasema mama yake alimpigia simu, na hapakuwa na kwaruu kwaruu siku hiyo. Alisema, "Mwanangu, jeneza hubebwa pande mbili. Upande mmoja ukigoma, maiti anaanguka. Mimi nitabebwa na nani?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mume hayupo, watoto wako mijini, na kitongoji cha kumzika kimegawanyika vipande viwili.

Basi turudi kwenye sufuria tuliyoiacha inavutwa masikio.

Ma Kokushubila aliweka ufagio chini. Akasema, "Evarist, unataka kupika ushindi?"

"Ndiyo, Ma."

"Chukua Askofu. Pika kesho, hapa hapa uani kwangu. Lakini unajua sheria. Kila nyumba inakula."

Lameki akaachia sikio. "Sisi tule ushindi wao? Bora nitafune udongo."

"Udongo utautafuna, Lameki, siku yako ikifika. Kesho ni ebitoke, ndizi zetu." Akamgeukia Evarist. "Utawaalika wewe. Kwa mdomo wako."

Jumamosi moto ukawashwa. Ndizi na maharage zikajaa Askofu, zikafunikwa majani ya mgomba. Mzee Haidari, aliyekuwa upande wa walioshindwa, alikuja kuchinja mbuzi ili Waislamu nao waweze kula. Akachinja, akafuta kisu, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Evarist akaenda kualika. Lo! Alialika vipi? Alipanda pikipiki, akapita mbele ya kila nyumba, honi pii pii, "Chakula tayari! Karibuni!" Hajazima injini. Hajashuka. Dakika kumi karudi, anajipongeza.

Saa saba hakuna mtu. Saa nane hakuna mtu. Washindi wamekaa kwenye mikeka, matumbo yanaunguruma.

"Ma, tupakue," Evarist akasema. "Wamekataa wenyewe. Chakula ni chetu."

"Chakula ni chenu. Sufuria ni za kitongoji. Na wewe hukualika mtu. Umewapigia honi kama ng'ombe waliolala barabarani."

Watu wakacheka. Evarist akakuna kichwa. Ma Kokushubila akaingia ndani, akatoka na kibakuli cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Wageni mnaotusikiliza, Mhaya hakualiki kwa kelele. Anafika, anakusalimu kwa heshima, anakupa akamwani mkononi. Ukiitafuna, umekubali. Akamwambia, "Nenda kwa miguu."

Akaenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na salamu yetu ya heshima. "Kaboneka waitu." Wengine walitafuna. Wengine walimweka mlangoni wakamsomea risala, akasikiliza, maana amekwisha sema kaboneka, atafanyaje? Kwa Mzee Lameki nako aliingia. Msisahau, Lameki ndiye aliyechimba kaburi la baba yake Evarist. Mzee alipokea akamwani. Hakutafuna. Aliitia mfuko wa shati, akafunga mlango.

Saa tisa watu walikuwa wamefika, lakini walisimama barabarani na nyuma ya ua. Hakuna aliyeingia uwanjani. Kila mmoja alisubiri mwenzake awe wa kwanza. Mnajua aibu ya kuwa wa kwanza.

Ma Kokushubila alikaa kwenye kigoda karibu na Askofu, mikono kifuani. Anautazama ule uwazi uliozibwa. Moto unawaka. Maji kwenye sufuria yanapungua. Wanawake wakamwambia, "Ma, ongeza maji." "Ma, punguza kuni." Macho yake hayakutoka kwenye uwazi. Harufu ikaanza, ile harufu ya ndizi zinazoshika chini.

Miiba ikaruka! Judica katokea kwenye uwazi, gauni limechanika, kata ya maji mkononi. "Kokushubila! Umekufa au umelala? Miaka ishirini na mitano hujaunguza sufuria, unaiunguza leo mbele za watu?"

Akasukuma kuni, akamwaga maji pembeni kwa utaalamu, akafunua majani, akaonja. "Zimeungua chini tu. Leteni sahani. Mbona mmesimama kama nguzo?"

Aliposema hivyo alikuwa ameshaingia. Na yeye akiwa ameshaingia, waliobaki wakakosa sababu. Wakaingia. Washindi na walioshindwa wakala ndizi zenye harufu ya moshi, na watu walirushiana maneno humo humo, wakabishana, wakacheka. Hakuna aliyebadilisha msimamo. Haidari naye alirudi, akakuta mbuzi amebaki mkia na maelezo.

Nilimuuliza Judica wiki hii, "Je, aliiunguza kwa makusudi?" Akafuta macho kwa khanga. "Nilimuuliza mpaka nikachoka. Alikuwa ananijibu: moto ulinizidi. Moto umzidi Kokushubila!"

Nikamwuliza na lile ambalo Buganguzi nzima inataka kulijua. Alimpigia nani kura? Akasema, "Miaka arobaini ananisimulia mpaka ndoto zake. Hilo hakunisimulia. Alisema kura ni kama nguo ya ndani. Ninayo, lakini siianiki barabarani." Basi, wambea wenzangu, tumekosa. Ameondoka nayo.

Lakini Mzee Lameki hakuja siku ile. Narudia, hakuja. Na mwaka mzima uliofuata yeye na Evarist walipishana njiani kila mmoja akitazama migomba ya upande wake. Ma Kokushubila alikuwa akihesabu sahani kwenye kila shughuli, na kila mara alisema, "Imebaki moja."

Kwa bintiye Esther na ndugu zake, kwa wajukuu, kwa Judica ambaye sasa amekabidhiwa sufuria tatu, tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu. Mwenye kusali asali, mwenye kusoma dua asome.

Na sisi tuliobaki, tujiulize jambo moja tukiwa nyumbani. Kura hupigwa siku moja. Jirani ni wa siku zote. Rais, umpende au umchukie, hatakuja kubeba jeneza lako. Wewe uwazi wako umeuziba kwa miiba gani? Na ukialika, unazima injini?

Nimalizie kwa nililoliona kwa macho yangu juzi, kwenye maziko.

Kaburi lilichimbwa na Mzee Lameki. Tangu asubuhi alikuwa ndani ya shimo, hakutaka kupokewa. Jeneza lilibebwa pande zote mbili, watu wakigombea nafasi. Halikuyumba. Tulipomaliza kufukia, Askofu alikuwa anatoka mvuke uani, Judica kashika upawa. Mzee Lameki akanawa mikono, akaweka jembe begani, akaanza kwenda zake nyumbani peke yake.

Evarist akamwona. Akapanda pikipiki, akamfuata. Nikasema moyoni, haya, honi hiyo.

Hakupiga honi. Alimpita hatua chache, akazima injini. Akashuka. Akavua kofia, akasogea, akainama kidogo.

"Kaboneka waitu."

Mzee Lameki akasimama. Evarist akafungua kiganja. Akamwani.

"Sijabadilika," mzee akasema. "Yule Rais wenu bado simtaki."

"Na mimi bado namtaka, Tata. Sijaja kwa hilo. Umechimba tangu asubuhi, hujatia kitu mdomoni."

Mzee akachukua punje moja. Akaitia mdomoni, akatafuna polepole, hana haraka.

Evarist akamshusha jembe begani, akalibeba yeye. "Judica ameshapakua, sahani yako iko mezani inakungoja. Twende, mzee wangu. Karibu ule."