Siku Kiotak Alipopimwa Mara Mbili

Nilikuwepo, na anayesema sikuwepo ndiye hakuwepo. Kijiwe chetu hapa Majuro ni ubao wa mtumbwi uliopasuka, umelazwa juu ya matofali mbele ya duka, mkabala na nyumba wanamopima watu sumu ya bomu la nyuklia lililojaribiwa visiwani kwetu zamani. Chupa ya kahawa hutoka saa tatu asubuhi na maandazi yake, na kuanzia hapo hakuna jambo la dunia hii linalokosa jibu. Siku hiyo walikuwepo Redio, asiyezimika. Injini, fundi wa mashine za boti. Na Shemasi, aliyeacha kanisa ila sauti yake hakuiacha. Ndipo mwenzetu Kiotak akatoka mle wanamopima, anatembea kama mtu anayerudi makaburini.

Alikuwa ametoka kukaa miezi minne kisiwani kwao kaskazini, kule jivu la bomu lilikowaangukia wazazi wake. Alijenga nyumba, akapanda mishelisheli, akala vya huko huko. Na mkewe, Neimon, alikuwa ametoa kauli moja: mashine ikisema uko chini ya kiwango, tunahamia huko na watoto wote, ikisema umezidi, tutazeekea hapa kwa dada yangu, na kisiwa hicho usinitajie tena.

— Vipi, kaka? — Redio akamuwahi. — Umepasi?

— Mara tatu ya kiwango, — Kiotak akasema, akajibwaga ubaoni.

Injini akammiminia kahawa. — Mashine imechoka hiyo. Dakika kumi na tano umeikalia na mwili huo! Haraka haraka haina baraka. Ungekaa dakika mbili tu ukaondoka.

— Methali hiyo inasema kinyume, wewe, — Shemasi akamkata.

— Kinyume chake ndiyo maana yake!

— Nyamazeni mfundishwe, — Redio akasema. — Jivu lilimwangukia nani? Mama yake, akiwa msichana. Akalichezea, akalipaka nywele. Kisha akamzaa huyu. Kwa hiyo mashine haimpimi Kiotak, inampima marehemu mama yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

— Mama yangu umwache, Redio.

— Nimemsifu, kaka!

— Hakuna cha mama, — Injini akadakia. — Inapima hasira. Wazee wetu walihamishwa kama mizigo, hasira ikaingia mifupani. Mtu wa kaskazini akilala vizuri wiki nzima, mtaona namba inavyoshuka.

Shemasi akaweka kikombe chini, akanyoosha shati kana kwamba yuko madhabahuni. — Bomu lile lilikuwa jua la pili. Na jua halizimiki, linahama tu. Limehamia tumboni mwa Kiotak. Mfungueni kifungo muone kitovu.

Wakacheka mpaka ubao ukatingishika. Kiotak hakucheka. Alikuwa akiiona ile nyumba, mlango wake ukitazama maji, na mikeka sita aliyoitandika kwa idadi ya watoto kabla hajaondoka. Ni nani angekwenda kuikunja? Na yeye atamwambia nini Neimon, ilhali mama wa watu keshaanza kufunga masanduku kwa siri, akidhani hajaonekana?

Hapo akatokea Tirina, dada yake Neimon, mwenye nyumba wanayoishi. Hakuwa na habari yoyote ya kipimo.

— Shemeji! Meli imekushusha jana, na mpaka sasa sijaona hata gando. Unatoka kwenu mikono mitupu kama mgeni? Kaa wangu wa nazi wako wapi?

— Nimempa binti mpimaji, shemeji. Wote kumi na wawili. Nisamehe.

— Wote! Umempa saa ngapi?

— Wakati wa kuaga. Zawadi haitangulii shughuli, itaonekana rushwa. Walikuwa kikapuni, nikawafunika na mkeka, nikawaweka chini ya kiti mpaka nikamaliza.

— Chini ya kiti kipi?

Kiotak akageuka kuitazama ile nyumba ya kupimia. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizimika.

Maana hata mtoto mdogo wa hapa anajua: kijijini ardhi imetiwa mbolea ya kuizuia sumu isipande kwenye miti, lakini kaa wale wanatoka visiwa vya kando, ambako haijatiwa kitu, na sumu wanaila pamoja na nazi. Mmoja kwa sikukuu si neno. Ila kumi na wawili, chini ya mtu anayepimwa! Na Kiotak mwenyewe hakuonja hata mmoja. Alikuwa akiwawekea watu.

— Mpumbavu wewe! — Injini akapiga kelele kwa furaha. — Wamekupima pamoja na kitoweo!

Wakamsukuma avuke barabara arudi kupimwa, hata kabla hajasimama sawasawa. Binti mpimaji alijishika kichwa. Alidhani ule mkeka umefunika nguo za Kiotak. Kikapu kikapelekwa nje, mbali. Kiotak akakalia kiti kikiwa kitupu kabisa chini, mlango wa chuma ukafungwa. Dakika kumi na tano. Sisi nje hakuna aliyekumbuka kahawa. Hata Shemasi aliomba, tena kimoyomoyo.

Mlango ukafunguka.

— Robo! — Kiotak akapaza sauti, karatasi juu. — Robo ya kiwango! Haikufika hata nusu!

Redio aliingia dukani akatoka na mfuko wa pipi, akazirusha hewani kama Krismasi. Injini akaugeuza ubao wetu kuwa ngoma. Shemasi akapandisha wimbo, magari yakasimama. Tirina peke yake ndiye aliyekuwa akiuliza kaa wake watarudishwa lini, lakini alikuwa akiuliza huku anacheza. Neimon alikuja mbio, akapewa karatasi, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa hapo mwisho nimetia chumvi. Neimon hakucheka. Aliisoma karatasi mara mbili, akakaa chini mchangani na gauni lake la kanisani, akalia mpaka ngoma ikanyamaza. Kisha akajifuta uso, akamtazama mumewe.

— Meli inaondoka lini?