Watoto wa Mwalimu Navalayo

Wachungaji, wazee, na ndugu mliokuja hapa Lubao kulia nasi, mimi ni Kageha, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Mwalimu Teresa Navalayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 kule Musanda, mtoto wa tatu wa Mzee Lazarus na mama yetu Ayuma, wakati baba alikuwa kibarua wa kunyunyiza dawa ya kuua magugu kwenye mashamba ya miwa, mama akimfulia nguo za kazi hata alipokuwa na mimba ya Navalayo, na mitungi ya dawa ilipobaki mitupu ililetwa nyumbani, tukaisuuza, tukachotea maji ya kunywa, maana hakuna aliyetuambia ni vibaya.

Alisoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1996 hadi 2003, akamaliza sekondari 2007, akasomea ualimu wa chekechea, na tangu Januari 2011 alifundisha mjini Kakamega, ambako watoto wa watu walimfuata hadi langoni wakimwita mama.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu Philemon, fundi wa umeme, wakakaa Shieywe, na habari ya watoto nitaisema bila kuficha, kama alivyotaka mwenyewe: walingoja miaka mitatu, mimba ya kwanza ikatoka 2016, ya pili 2018, na Agosti 2021 akajifungua mvulana kabla ya wakati, Oliver, ambaye hakuiona asubuhi ya pili. Wako waliosema amerogwa, na wako waliomwambia Philemon aoe mwingine, naye akakataa.

Baada ya Oliver, daktari alimuuliza alikulia katika mazingira gani, na aliposikia habari ya mitungi, daktari akamwambia hawezi kuapa kwamba ni ile dawa, ila hawezi pia kusema siyo. Navalayo alitoka hapo akaenda Musanda, akaikusanya mitungi yote, akaitoboa, akamwambia baba, watoto wetu sisi ndugu zake wakiwa pale uani, "Baba, mimi sikulaumu, hata wewe hukujua, lakini hawa wajukuu wako wasikuwe wanakunywa maji ya hii mitungi." Baba aliingia ndani, hakutoka hata kula.

Mwaka jana alishika mimba tena, tukathubutu kununua nguo, lakini ilipofika miezi saba presha ilipanda, akaanza kutokwa na damu, na tarehe 3 Juni 2025 akafariki hospitalini pamoja na mtoto wake, msichana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Shieywe waliotupikia, na walimu wenzake ambao hawajatuacha peke yetu, mtusamehe kwamba hatuna neno la faraja la kuwarudishia, tumelitafuta hatukulipata.

Leo asubuhi Philemon amempa mtoto jina Michelle, ambalo Navalayo alikuwa amelichagua akaogopa kulitaja, kisha tukamlaza mkononi mwa mama yake ndani ya jeneza. Dada, huyu hakuna atakayekunyang'anya, mshike, mlale kwa utulivu.