Stanislausi Makongoro, Bwana Miti Aliyekata Miti Yake

Wasifu wa marehemu, umesomwa mazishini na mdogo wake, Mwalimu Jenoveva Makongoro, Buswahili, Jumamosi tarehe 16 Machi 1996

Baba Padre, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani. Marehemu aliniachia maagizo mawili kuhusu wasifu huu: usiwe mrefu, na habari ya mikaratusi isirukwe. La pili nitalitimiza. La kwanza nitajitahidi.

Marehemu Stanislausi Makongoro alizaliwa hapa Buswahili tarehe 13 Novemba 1940, mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Makongoro na mama yetu Nyabise. Padre aliyembatiza alitazama kalenda, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Stanislausi, na jina likapatikana bila mjadala. Baba hakuwahi kulitamka lote. Mpaka anafariki alimwita Stanisi.

Alianza shule mwaka 1949 na kumaliza darasa la nane Musoma mwaka 1956. Alichunga ng'ombe wa baba kwa miaka mitano, kisha mwaka 1961 akapata kibarua kwenye bustani ya miche ya serikali mjini Musoma. Walimwona ana mkono mzuri, na mwaka 1963 wakampeleka Olmotonyi, Arusha, kusomea misitu. Kutoka huko alituandikia barua kwamba sasa anashughulika na kitu fulani chenye jina refu la Kilatini. Baba alidhani ni ugonjwa, akauza mbuzi wawili apate nauli ya kumfuata. Kumbe lilikuwa jina la mti.

Alirudi na cheti mwaka 1964, akafanya kazi Bunda, halafu Musoma. Mwaka 1978 alihamishiwa huku kwetu, akisimamia miti kuanzia Butiama hadi Buswahili. Hapo ndipo mlipomzoea kwa jina la Bwana Miti.

Tarehe 29 Julai 1967 alifunga ndoa na Ghati binti Mseti. Pamoja na ng'ombe wa mahari alipeleka mche wa mchungwa kwenye kopo la mafuta. Mzee Mseti aliuzunguka ule mche mara mbili, akauliza, "Na huyu atazaa ndama lini?" Hata hivyo aliupanda, na machungwa yake wengi wenu mmeyala, wengine bila kuomba. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu.

Sasa nafika kwenye mikaratusi.

Miaka ile ya themanini mnaikumbuka. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na gari la ofisi yake lilikaa juu ya mawe. Viriba vya kuoteshea miche vilikwisha, marehemu akawa anasokota maganda ya migomba. Ukame wa mwaka 1984 ulipotuchoma, agizo lilitoka juu kwamba kila kijiji kipande miti ili mvua irudi. Mbegu zilizoletwa zilikuwa za mikaratusi peke yake. Na mgao wa mwaka unaofuata ulitegemea hesabu ya miche iliyopona. Isipopona, kijiji hakipati kitu.

Marehemu alijua pa kupanda miche isife. Januari 1985 alipanda mikaratusi mia nne kuizunguka chemchemi yetu ya Nyakiboko, kwenye ardhi yenye unyevu mwaka mzima. Ilipona mia tatu themanini na sita. Hakuna kijiji kingine kilichofika hata nusu. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, na marehemu akazawadiwa baiskeli mpya ya Phoenix. Tulimshangilia sote. Mimi mwenyewe niliwaimbisha wanafunzi.

Kuna jambo wageni hawalijui. Pale Nyakiboko wanawake wamezoea kupima maji kwa sala. Debe likiwekwa chini ya jiwe linalotoa maji, anayesubiri husali Salamu Maria mpaka lijae, na aliye nyuma yake kwenye foleni hujua zamu yake iko mbali kiasi gani. Mwaka 1984, katikati ya ukame ule, debe lilijaa kwa Salamu Maria kumi na tano. Mwaka 1988, mvua zikiwa nzuri, lilijaa kwa sitini. Septemba 1991 bibi jirani yetu, mzee Boke, alimaliza rozari nzima na maji hayajafunika kitako cha debe.

Kesho yake asubuhi marehemu alifungua mlango akakuta madebe matupu yamepangwa uani kwake, thelathini na moja, na wanawake wamesimama nyuma ya madebe hayo. Mimi nilikuwepo, langu lilikuwa la nne. Mzee Boke ndiye aliyesema.

"Mwanangu, hapa tulikuwaga tunateka maji hata mwaka wa njaa. Hiyo miti yako ndiyo inakunywaga sasa. Sisi tukunywe nini?"

Mtu mwingine angesema ni maelekezo ya serikali, na asingekuwa amedanganya. Yeye alisema, "Mama, mimi ndiye niliyepanda pale. Nilitaka ionekane imepona. Nimekosa."

Kuanzia siku ile, kila alfajiri alipanda ile baiskeli ya zawadi na kuteka maji mto Mara, madebe mawili kila safari, akianza kwa mzee Boke. Baiskeli ilivunjika fremu mara tatu. Rafiki yake Salum Pazi, fundi wa Manyamanyama kule Bunda, aliichomelea mara zote tatu na kumwambia kwamba baiskeli hii haikuumbwa kuwa tangi la maji. Salum yuko hapa leo, amefika na hiyo hiyo baiskeli.

Kukata mti bila kibali lilikuwa kosa, na mlinzi wa sheria hiyo huku kwetu alikuwa marehemu mwenyewe. Aliomba kibali mara tatu. Aliandika kwamba serikali inalipia siku moja ya kupanda, na siku elfu zinazofuata hazina fungu. Aliomba mikaratusi iondolewe kwenye chemchemi, ipandwe mikuyu, na fungu litolewe la kuitunza. Vipimo vya maji aliviambatanisha. Ofisa mmoja alimwita, akamuuliza mbele ya wenzake, "Ndugu Makongoro, Salamu Maria ni kipimo gani?" Akajibu, "Ni kile tulichonacho, mzee. Saa niliiomba kwenye bajeti ya mwaka juzi." Walicheka sana. Kibali hakikutoka. Jibu lilisema lengo ni kuongeza miti, si kuipunguza.

Tarehe 2 Novemba 1992, baada ya Misa ya Marehemu Wote, alichukua shoka akaanza kukata. Wanawake walikata pamoja naye kwa siku tisa. Siku ya kumi aliandika taarifa ya kujishtaki na kuipeleka ofisini mwenyewe. Juni 1993 watumishi walipopunguzwa, jina lake lilikuwemo kwenye orodha. Barua haikutaja sababu, nasi hatuitaji. Tunasoma tarehe tu.

Mkaratusi ukiukata unachipua. Kwa hiyo aliyekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na tisa alichimba visiki, bila mshahara, miaka miwili na nusu. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Nilimwambia, "Kaka, utakufa kwa kazi ambayo hakuna aliyekutuma." Akaniambia, "Hata kupanda pale hakuna aliyenituma, Jeno. Walisema nipande. Pale nilipachagua mimi." Alipanda mikuyu sitini, na mvua za vuli za mwaka 1994 jiwe la Nyakiboko likaanza kulowa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 1995. Alitibiwa Bunda na baadaye Musoma, akashauriwa kupumzika. Alipumzika siku za Jumapili. Januari miguu ilivimba, akawa analala tu, na kila jioni Ghati alimletea hesabu ya debe, naye akaiandika kwenye daftari. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1996, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Hesabu ya mwisho aliyoandika kwa mkono wake ni arobaini na moja.

Ameacha mjane, Ghati, watoto watatu, Leodgar, Thadeo na Felisian, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake wawili tuliobaki. Ameacha pia mikuyu hamsini na miwili iliyo hai. Nimeihesabu, kwa sababu angeniuliza.

Maji yaliyopikia chakula cha msiba huu yametoka Nyakiboko. Asubuhi ya leo mzee Boke alikataa kushikwa mkono, akaenda mwenyewe na debe lake. Aliporudi aliingia alipolazwa marehemu, akamwinamia sikioni kama mtu anayetoa taarifa ofisini.

"Stanisi. Thelathini na nane."

Daftari limetundikwa msumarini mlangoni kwa Ghati, na kalamu ipo. Atakayeteka maji jioni hii aandike.

Lala, kaka. Mungu akupe pumziko, hapa ulipotuomba radhi nasi tukakusamehe.