Shule Iliyoshindwa Kumkataa Winfrida

Kijiwe chetu kipo Mwanga, ubavuni mwa soko, kwenye benchi ambalo mmoja akikohoa wote tunagongana mabega. Wa kudumu ni Nehemia, tunayemwita Mahakama kwa kuwa hajawahi kukosa kesi ya mtu mwingine. Samson Refa, aliyechezesha mechi moja akakimbizwa hadi ziwani. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kucheka. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni. Winfrida wa Bangwe, binti anayekausha dagaa kwenye vichanja na kuwasafirisha kwa treni hadi Dodoma, alisimama mbele yetu na simu. Shule ya biashara ya ng'ambo aliyoiomba imejibu: haijamkubali, haijamkataa, uamuzi umeahirishwa. Akitaka, aandike jambo moja jipya alilofanya. Mwisho leo.

— Soma tena, mwanangu, Mahakama akasema. Pale pa kuahirisha.

Akasoma. Mahakama akavua kofia.

— Maprofesa wazima, na viyoyozi vyao, wamemkodolea macho mtoto wa Bangwe wakashindwa. Mimi nimeona watu wakifungwa kabla hawajakaa vizuri kizimbani.

— Kwa hiyo ni heri, baba?

— Kesi ikiahirishwa, ujue hakimu amekosa usingizi. Lete shahidi mpya. Mimi nipo.

— Shahidi wa nini? Refa akadakia. Hawa wameenda VAR. Wanarudisha picha, wanampima hadi unyayo. Binti, hii ni sare ya ugenini, usiwaache wapumue. Waandikie asubuhi, mchana na jioni. Bandu bandu huisha gogo.

— Wataniona msumbufu, baba mdogo.

— Gogo halijawahi kumwita mtu msumbufu.

Muuza maandazi aliacha kikaango, akaja kuiangalia ile simu kama anayeangalia mtoto wa jirani aliyezaliwa na meno.

— Mimi naona wanamwogopa, nikasema. Muhula wa kwanza atasoma, wa pili ataanza kuuliza shule inauzwaje.

— Penye wazee haliharibiki neno, Mahakama akasema. Andika: mimi, Nehemia, namfahamu mshtakiwa tangu anatambaa.

— Mshtakiwa, baba?

— Mwombaji. Mlango wa kuingilia ni uleule.

Tulikuwa tunagombea nani awe shahidi wa pili alipofika Concilie, mwenzake Winfrida pale vichanjani. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye kakulia Bangwe.

— Amahoro, wazee. Shikamooni.

— Marahaba, mama. Umefika wakati mzuri, shule imemshindwa mwenzako.

Tukamweleza, watatu kwa mpigo. Alisikiliza hadi mwisho.

— Sasa ikimkubali, vichanja anamwachia nani?

Mahakama akamtazama Refa. Refa akatazama saa, na hana saa. Mimi nikachungulia kikombe.

— Hilo ndilo waliloniuliza kwenye usaili, Winfrida akasema taratibu. Nikanyamaza kama ninyi.

— Bei unapanga wewe, Concilie akaendelea. Mteja wa Dodoma anakupigia wewe. Sisi kazi yetu kugeuza dagaa. Ukipanda ndege, tutabaki tumeshika nini?

Winfrida alikaa, benchi likayumba. Kisha akampigia mteja wa Dodoma.

— Kaka Feliksi, kuanzia leo bei utapewa na Concilie. Hapana, siumwi. Ongea naye.

Concilie akaipokea simu kwa mikono miwili. Akasalimia, akaulizia watoto, akataja bei. Upande wa pili ulilalamika mpaka sisi wa benchi tukasikia. Refa akanikonyeza: apunguze. Concilie hakupunguza.

— Basi, kaka, ulizia na kwa wengine. Sisi tupo.

Akakata.

— Nimekuharibia?

Winfrida aliichukua simu. Aliifungua barua pepe ya shule akaanza kuandika jambo lake jipya, na kijiwe kizima, mwenye kazi ya kucheka nikiwamo, kikaiinamia ile simu kama kinasubiri hukumu. Alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza simu ikaita. Dodoma.

Akainyoosha kwa Concilie bila kuitazama.