Msimkate Kabla Hajasema

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, madaktari wetu mlioko meza kuu, sheikh na mchungaji, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu wa uuguzi na ukunga, habari za mchana.

Mimi ni Burhani, fundi seremala wa Buhembe, kaka yake Farida anayehitimu leo ukunga. Nimeombwa niwashukuru walimu kwa niaba ya wazazi, kisha nikae. Walimu, mmetufundishia watoto, tunawashukuru sana. Lakini sikai bado.

Wengi mnanijua kwa vitanda na makabati. Hamjui kwamba nilizaliwa na jinsi tata, yaani maumbile ambayo mkunga aliyatazama akashindwa kusema ni ya kike au ya kiume. Kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa shambani: cha msichana kwenye mgomba wa ndizi za kupika, cha mvulana kwenye mgomba wa ndizi za pombe. Changu kilikaa ndani ya kitambaa, na ukoo ukamjia juu mama: kinazikwa wapi? Basi nikapelekwa hospitali, nikakatwa, nikaitwa Salma, kitovu kikapata mgomba. Jamani! Mtoto mchanga akatwe mwili ili watu wazima wajue pa kuchimba? Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sioni aibu kuisema.

Mama aliambiwa, "Usijali, atasahau." Ningesahauje? Nilipofika sekondari sauti ikawa nzito, ndevu zikaota, nami nimevaa sketi ya shule. Hadi leo nikienda haja ndogo naumia kwa sababu ya lile kovu. Nani aliniuliza?

Ningenyamaza kama mambo haya yangekuwa ya zamani. Juzi wazazi kutoka Muleba, walioelekezwa na mtu anayeijua siri yangu, walikuja karakanani kwangu na mtoto ambaye hana hata jina. Ananyonya, anakojoa vizuri, analia kama watoto wote, na amepangiwa upasuaji Jumatatu. Wameniruhusu niseme, mradi nisiwataje. Daktari aliyempangia amekaa pale meza kuu.

Daktari, shikamoo. Kama mtoto yule hawezi kukojoa, mpasue leo hii, nami nitakuja kukushukuru. Kama ni mzima, unatibu nini? Aibu ya wakubwa? Apewe jina, la kike au la kiume, alelewe, atazamwe akikua, mpaka aseme mwenyewe. Jina hubadilishwa, mimi nimebadili langu. Kilichokatwa atakirudisha nani?

Farida, mdogo wangu, Jumatatu unaanza kazi katika hospitali hiyohiyo ya daktari huyu. Wakikwambia umwandae mtoto yule kwa upasuaji, waulize mbele ya mama yake: anaumwa nini? Wakikosa jibu, mpe mama mtoto wake, anyonye.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.